Turubai Lililosimama Kimya

Nilifika Kilwa Masoko nikiwa juu ya lori, nimekalia spika, miksa nimeipakata ndani ya blanketi kama mtoto mwenye homa. Tulikuwa tumetoka Songea na shehena ya viti vya plastiki. Dereva alinichukua bure kwa sharti kwamba nitavishika viti visiruke, na viliruka hata hivyo. Kimoja tulikiona kwa mbali, kimetua wima kando ya barabara ya Tunduru kama kinamngoja mwenyewe. Masasi tukanywa chai. Mtama, chini ya Rondo, ekseli ikakatika, tukakaa pale hadi nikawajua wauza mihogo kwa majina. Watu wa Rondo waliokuwa wakishuka na mazao yao walizitazama spika zangu, wakaniuliza, "Mnapiga lini?" Nikawa najibu, "Sijui." Jibu hilo nilikuja kulitumia pwani ile kuliko jibu jingine lolote.

Harusi niliyoitiwa ilikuwa imekwisha. Bibi harusi ameshatolewa nje, wageni wameshaondoka, sufuria zimeshaoshwa. Aliyekuwa akilingoja lori alikuwa mwenye viti, Mzee Mfaume, mtu mfupi mwenye kofia iliyopauka, amesimama sokoni mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka juu.

"Marahaba. Viti vyangu vyote vipo?"

"Vingi vipo."

"Na wewe ndiye nani, kiti cha ziada?"

Nikashuka. Nilidhani nitalala siku moja, nitafute gari la kurudi. Nilikaa miaka.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaokuja kukaa kibarazani kwangu hapa Morogoro na kuniuliza mambo ya mitambo. Mnanishangaa mtu wa miaka arobaini na kitu kujiita mstaafu. Masikio ndiyo yaliyostaafu, mimi nimeyafuata. La kushoto halisikii kitu zaidi ya ngurumo, la kulia linapiga filimbi yake lenyewe tangu asubuhi. Kwa hiyo la kwanza, kabla sijasahau: msisimame mbele ya spika kubwa mkionyesha ubabe. Mimi nilisimama sana.

La pili ni waya. Ninyi mnakunja waya kwenye kiwiko, mnazungusha kama mnasuka kamba ya ng'ombe, halafu mnalalamika kwamba umekatika ndani. Waya hukunjwa mkononi, duara moja unaliweka juu, linalofuata unaligeuza kwa chini, unaufuata unavyotaka kulala wenyewe. Ukiurusha siku ya pili unanyooka wote bila fundo. Hilo nililijua kabla ya Kilwa. Nilichojifunza Kilwa ni kwamba chumvi ya bahari inakula jeki za maiki usipozifuta, na kwamba spika ukizielekeza kwenye upepo sauti inakurudia wewe mwenyewe. Hiyo ya mwisho nilijifunza Kivinje. Nilipiga mziki harusi nzima nikidhani nawaburudisha watu, kumbe waliosikia vizuri walikuwa wavuvi. Bwana harusi alinifuata mwishoni akaniuliza kwa adabu kabisa kama mitambo iliharibika.

Nilipoanza tulikuwa tunabeba kanda kwenye ndoo. Zikaja sidii, zikaja flashi, siku hizi mnapiga kwa simu na mtu akipigiwa na mama yake uwanja mzima unasikia simu inaita. Sisemi zamani ilikuwa bora. Nasema tu kwamba kanda haikupigiwa simu na mama yake.

Mzee Mfaume hakujua mitambo, hata kuwasha redio alimwita mkewe. Alichojua ni turubai. Alikuwa na maturubai, viti, mikeka, masufuria makubwa na vijana wa kusimamisha nguzo, na shughuli yoyote ya Masoko, harusi au msiba, jando au maulidi, ilipita mkononi mwake. Aliniajiri niwe fundi wake, na siku ya kwanza akanipa sharti moja: kama shughuli ni ya furaha, nguzo ya kwanza isisimame kabla spika haijalia.

"Hata kama hakuna mtu?" nikamuuliza.

"Hasa kama hakuna mtu. Watu wajue umekuja kufanya nini."

Nilidhani ni matangazo ya biashara. Nikalifuata sharti kama mtu anayefuata mazoea ya nyumba aliyopanga, bila kuliuliza zaidi. Na nyumba niliyopanga hasa ilikuwa ya Bi Somoe, na ndiko mambo yanakotoka.

Bi Somoe alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Aliishi na mjukuu wake, Mwanahawa, mtoto wa umri wa darasa la pili, ila shule hakwenda. Mtoto huyo hakusema. Hakuwa bubu. Majirani waliniambia zamani alikuwa msemaji hodari, anaimba hadi kuku wanakimbia. Mama yake, Zuhura, alifariki akijifungua, na wakubwa siku ile wakaona mtoto asishuhudie. Wakampeleka Mitole kwa ndugu wa shambani. Aliporudi akaambiwa mama yake amesafiri. Alilisikiliza neno hilo, akaingia ndani, na tangu hapo hakusema tena, si kwa bibi, si kwa mwalimu, si kwa paka.

Mimi nilikuwa nakunjia waya zangu kibarazani. Yeye alikuwa akikaa nyuma ya mlango, jicho moja nje, akitazama mikono yangu. Mgeni akipiga hodi, jicho linaondoka. Nilimzoea hivyo. Nikawa namsemesha kama ninavyojisemesha mwenyewe: "Huu wa maiki, huu wa umeme, huu umechoka." Hakujibu, nami sikungoja.

Siku moja Bi Somoe akaniambia, "Baba, yule nesi mgeni amekuja tena."

Nesi mgeni aliitwa Anjela, mzaliwa wa Singida, mwembamba, mwenye haraka. Alikuwa na mafunzo ya afya ya akili ya watoto, na pale kituo cha afya walimpa chumba kimoja cha nyuma awaone watoto siku za Jumamosi. Chumba hakikuwa na kitu. Alihitaji mikeka, rangi ukutani, vitu vya kuchezea, na nauli ya kumleta daktari wa watoto wa namna hiyo kila mwezi kutoka mbali. Asipopata, chumba kingerudi kuwa stoo ya vyandarua. Na hata kingepata vyote, watoto walikuwa hawaji. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba.

"Umemjibuje?" nikamuuliza Bi Somoe.

"Nimjibu nini? Nimpeleke mjukuu wangu pale akaonekane? Watu waseme wa Bi Somoe ana kichaa? Kesho ataolewa na nani?"

"Mama, ana miaka minane."

"Ndiyo nakwambia kesho."

Nesi Anjela akaamua kufanya tamasha la familia. Watoto wacheze, wazazi wachangie, chumba kizinduliwe na watu wazoee kukiona bila woga. Mbio za magunia, kuvuta kamba, kuchora, kupanda miti ya matunda nyuma ya chumba. Mgeni rasmi angetoka Lindi na bango kubwa la tamasha angelileta yeye. Maturubai ya Mzee Mfaume, mitambo yangu.

Alinijia kibarazani kuniambia anachotaka. Mwanahawa nyuma ya mlango, jicho moja.

"Kaka, mziki usiwashe mpaka saa nane."

Nikadhani sikio limenidanganya. "Tamasha bila mziki?"

"Kuna watoto wanaogopa kelele. Wakifika wakakuta spika zinanguruma watakimbia, na mama zao hawatarudi tena. Waje kwanza, wakae, wazoee. Saa nane ndiyo uwashe, tena kidogo."

Vijana, mimi ni mtu niliyelipwa maisha yangu yote kupiga kelele. Kuambiwa nifunge mitambo nikae kando yake kimya ni kama mpishi kuambiwa apakue sahani tupu. Lakini maneno yake yalikuwa na maana, nikakubali. Mzee Mfaume alikuwa shambani kwake Mitole akipulizia mikorosho dawa, kwa hiyo shughuli nzima iliachwa kwangu na vijana wa nguzo. Sharti lake lilinipitia kichwani. Nikaliambia lipite, nesi ndiye mwenye shughuli.

Tukasimamisha asubuhi na mapema. Maturubai mawili makubwa katika uwanja wa kituo cha afya. Vijana wa nguzo walifanya walivyozoea: viti chini ya turubai la barabarani, mikeka chini ya la pili, masufuria nyuma pamoja na mafiga, maana nesi alikuwa amepanga chai na maandazi. Kisha wakaketi. Mimi nikaketi karibu na jenereta iliyozimwa. Uwanja mzima ukawa kimya, unasikia kamba zinavyolia upepo ukipita.

Nesi aliitazama saa yake. "Hawatakuja," akasema. "Nilijua. Nimezunguka mitaa yote. Hawatakuja."

Wakaja.

Kwanza walikuja wazee wawili wenye kofia, wakitembea taratibu, wakatoa salamu, wakaketi kwenye viti bila kusema. Wakaja wengine. Bodaboda zikawa zinazimwa mbali na kusukumwa, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa bodaboda wa Masoko hata mmoja. Kisha wanawake, kundi kwa kundi, kanga kichwani, na kila mmoja ana kitu: mchele kwenye ungo, nazi, mzigo wa kuni, kuku aliyefungwa miguu. Wakaenda moja kwa moja nyuma kwenye mafiga wakawasha moto. Hakuna aliyewaonyesha. Turubai la mikeka likajaa, tukakunjua mikeka mingine.

Nesi Anjela alikuwa amejaa furaha. Akawa anapita kuwapokea mlangoni.

"Pole sana, mwanangu," mama mmoja akamwambia, amemshika mkono kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Tunajitahidi."

"Kazi ya Mungu haina makosa."

"Kweli kabisa, mama. Karibuni."

Mzee mmoja wa kanzu akamwuliza kwa sauti ya chini wapi anatia ubani. Nesi, ambaye Singida hawakumwambia kwamba ubani ni pesa mtu anayowapa wafiwa, akadhani ni uvumba. Akasema hapana, mzee, hapa hatufukizi, ila kama una mchango kuna sanduku. Mzee akatia. Nyuma yake ikawa foleni.

Mimi nilikuwa natazama na sielewi. Kitu kilikuwa si sawa, lakini sikujua nikiite nini. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia na hakuna aliyekuwa anacheka. Watoto walioletwa walikuwa wamekalishwa na kunyamazishwa. Magunia ya mbio yamelala yamekunjwa, na mama mmoja akayachukua akafunikia wali. Kisha nikamwona Bi Somoe anaingia na ndoo ya nazi kichwani, na mkono wa pili amemshika Mwanahawa. Yule ambaye haonyeshwi kwa mtu. Nikainuka nusu, nikakaa tena. Kama nitamsalimia, atakumbuka yuko wapi na ataondoka? Nikatazama chini.

Ndipo Mzee Mfaume akafika kutoka Mitole, bado ananuka salfa. Akashuka kwenye bodaboda, akaona turubai, akavua kofia. Akanijia kwa hatua za pole, akaniinamia sikio la kulia.

"Nani kafa?"

"Mzee, hakuna aliyekufa. Ni tamasha la nesi."

Akatazama wazee kwenye viti. Akatazama moshi wa mafiga. Akanitazama mimi.

"Umewasha mziki?"

"Nesi amekataza mpaka saa nane."

"Basi umeua mtu," akasema, akakaa chini kwenye kasha la spika. "Turubai uwanja wa hospitali, asubuhi, kimya. Unadhani hawa wamekuja kuvuta kamba?"

"Sasa tufanyeje? Niwashe?"

"Uwashe nini? Watu wako msibani, uwapigie taarabu?"

"Niwatangazie basi."

"Utawaambia nini?"

Sikujua. Na ninyi mngekuwa pale msingejua. Kila mmoja pale uwanjani alikuwa ameona aibu kuuliza nani amefariki, maana mtu huulizaje jina la maiti baada ya kukaa msibani saa nzima? Kila mmoja alidhani jirani yake anajua, na hata waliosikia habari za tamasha, kama Bi Somoe, walidhani msiba umeliahirisha. Ningeshika maiki niwaambie wote kwa pamoja kwamba wamemlilia mtu ambaye hayupo? Na nikisema hapa ni kwa ajili ya watoto wenye shida za akili, Bi Somoe angefika nyumbani kwa mbio za miguu, na Mwanahawa asingeuona mlango wa nje hadi aote mvi. Nikamtazama mtoto. Alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake, anatazama nyuso zao moja moja, kama mtu anayesoma.

Mambo hayakungoja niamue. Waliingia vijana wenye majembe na sepetu, jasho linawatoka, wakaenda kwa nesi.

"Dada, wapi tuchimbe?"

Nesi akang'aa uso. Miti yake ya matunda! "Nyuma ya chumba cha watoto, pale pale ukutani. Chimbeni mengi, yanatakiwa mengi."

Vijana wakatazamana. Mmoja akaweka jembe chini polepole.

"Mengi?"

"Ndiyo. Ila yasiwe ya kina sana, ni madogo."

Mwanamke mmoja mkekani akapiga ukemi, kilio kirefu cha msibani. Yule mzee wa kanzu akainuka, akasema kwa heshima iliyokuwa inamwishia, "Binti yangu, sisi ni wenyeji, wewe ni mgeni, tunakuvumilia. Lakini kaburi halichimbwi nyuma ya hospitali. Na hao watoto ni wangapi waliokufa, mbona hatuambiwi?"

"Kaburi?" akasema nesi. "Kaburi gani?"

Niliwahi kuona umeme ukikatika uwanja uliojaa watu. Ni kimya cha namna ile. Nesi akanigeukia, uso umempauka, akanyoosha mkono. Nikawasha jenereta, nikampa maiki. Ikapiga mluzi, ndiyo sauti ya kwanza niliyoitoa siku ile, na nawaambia ilikuwa sauti mbaya.

"Jamani," akasema. "Hakuna aliyekufa."

"Alhamdulillahi," mzee mmoja akasema, kwa kuwa ndilo la kusema.

"Sasa mimi nilikuwa namlilia nani?" akauliza yule mwanamke wa ukemi, na wengine wakacheka, na wengine hawakucheka. Nesi akaendelea kueleza, tamasha, watoto, chumba, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyoinuka. "Msiba unachezewa?" "Tumeacha maduka!" "Eti wagonjwa wa akili. Kumbe wazimu wenyewe ndio huu." Akina mama wakawa wanaokota nyungo zao, kisha wanaziweka tena, kwa sababu chakula kilichopelekwa msibani kule hakirudishwi nyumbani, na hakuna aliyejua kama huu sasa ni msiba au siyo. Mmoja alimfungua kuku miguu, akafikiri, akamfunga tena. Mzee Mfaume akaenda kwenye nguzo ya kona akaanza kulegeza kamba. Turubai likashuka upande mmoja.

"Mzee Mfaume, acha hiyo kamba."

Ilikuwa sauti ya Bi Somoe. Hakuhitaji maiki, mnakumbuka nimewaambia.

"Shughuli imekwisha, Bi Somoe."

"Haijaanza. Acha kamba. Kaeni chini nyote. Mimi nina msiba."

Mzee Mfaume akabaki ameshika kamba mkononi.

"Binti yangu Zuhura mlimzika, mnamjua. Mlinipa pole, mkala, mkaondoka, Mungu awalipe. Huyu," akaweka mkono kichwani kwa mjukuu wake, "tulimficha Mitole siku ile ile. Hakumwona mama yake akitoka. Tukamwambia kasafiri. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa mdomo wangu huu. Na yeye anamngoja, hasemi na mtu, anamngoja. Nikamfungia ndani msimwone. Kwa huyu, nani amenipa pole?"

Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mwanahawa. Mama yako hakusafiri, mwanangu. Mama yako alikufa. Hawa wote walikuja siku ile, wewe tu hukuwepo."

Nilitamani kuwa mahali pengine. Nilitaka kushika waya, kuzima kitu, kuwasha kitu. Yule mwanamke wa ukemi ndiye aliyefika wa kwanza. Akampa mkono Bi Somoe. "Pole, dada." Kisha akakaa chini kabisa hadi uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtu mzima aliyefiwa. "Pole, mwanangu. Pole kwa mama yako." Nyuma yake akaja mwingine. Ikawa foleni, wanawake, kisha wazee, hadi wale vijana wa majembe, wameyaacha ukutani, wanapangusa mikono kwenye suruali kabla ya kumpa. Mtoto aliwapa mkono wote. Hakulia na hakusema. Mwishoni alilaza kichwa mapajani kwa bibi yake na kanga ikamfunika.

Nesi Anjela alikuwa bado ana maiki. Akanirudishia. "Zima," akasema.

Ndiyo siku pekee niliyozima mitambo bila kuona kwamba nimeharibu kazi.

Halafu walikula. Mama mmoja akiwa anapakua akamwambia nesi bila kumtazama kwamba na wake wa kiume analala chini ya kitanda. Mwingine akasema wake hujigonga kichwa ukutani. Walikuwa wanasema kama watu wanavyosema misibani, sauti za chini, mikono ina kazi. Mgeni rasmi alifika na bango lake, akauliza mbona hakuna mziki, Mzee Mfaume akamkalisha, akampa sahani. Miti ilipandwa. Mashimo yalikuwa ya kina mno kwa michungwa, lakini vijana wale walikuwa wamezoea vipimo vingine.

Chumba kilibaki. Sanduku lilitosha kuanzia, na Bi Somoe alimpeleka Mwanahawa kila Jumamosi, mchana kweupe, amemvika viatu.

Sasa mnaniuliza funzo, na ndipo ninapowachanganya, kwa sababu na mimi nimechanganyikiwa. Mwaka uliofuata tulifanya tamasha sawasawa. Spika ililia kabla ya nguzo, bango lilitundikwa mapema, mchekeshaji akaletwa. Viti vilibaki vitupu na mchekeshaji akawachekesha vijana wa nguzo. Kamati ikamwomba Mzee Mfaume asimamishe tena kimya. Alikataa, akasema turubai lake likidanganya kwa makusudi hata siku moja, watu hawatakuja kumzika yeye. Nani alikuwa na haki? Nesi alikosea kuzima mziki, na asingekosea asingepata mtu. Nimelizungusha kichwani miji yote niliyopita na sijapata mwisho wake.

Turudi kwa Mwanahawa: miezi ilipita, mtoto bado hasemi. Siku moja nesi akaniambia kwamba Mwanahawa ameanza kunong'ona kule chumbani, neno moja moja, kwa mwanasesere wa kitambaa. "Usimwambie mtu," akasema. "Na siku akisema mbele yako, kaka, nakuomba. Usishangilie. Usiite watu. Mjibu kama unavyomjibu mtu yeyote, uendelee na kazi yako. Ukipiga kelele atarudi ndani."

Nikamwambia sawa. Nikawa nakunja waya kibarazani, nikingoja. Sasa alikuwa anakaa nje ya mlango, mwili mzima. Wakati mwingine alichukua waya mfupi akajaribu. Hakuna neno.

Masikio yakanikataa. Daktari akasema nikiendelea nitapoteza na la pili. Na kusema kweli miguu nayo ilikuwa imeshaanza kuwasha, mimi si mtu wa kukaa. Spika na miksa nilimwachia Mzee Mfaume. Akasema atanunua na fundi mwingine, mwenye masikio.

Asubuhi ya safari Bi Somoe alinisindikiza stendi, analia na kunigombeza kwa pamoja kwamba nimekonda. Mwanahawa alikuja nyuma yetu. Basi likawasha injini. Bodaboda walikuwa wanapigiana honi, kondakta anapigapiga bati, "Nangurukuru, Somanga, Dar, twende!" Nilikuwa nimeweka mguu kwenye ngazi nilipovutwa shati upande wa kulia.

Alikuwa ameshika waya wangu wa maiki, ule mrefu. Umekunjwa mkononi, duara juu, duara chini, umefungwa kwa kitambaa.

"Mjomba," akasema. "Umesahau waya."

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, si kama nilivyoidhania. Bi Somoe akaziba mdomo kwa kanga. Nikamtolea macho anyamaze, na mimi mwenyewe nilikuwa nimebana meno. Maisha yangu yote nimekuwa nikikuza sauti za watu. Nikanyoosha mkono.

"Lo, kweli," nikasema. "Asante."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa bibi yake. Nikapanda. Nikakaa dirishani na waya mapajani, na jirani yangu akaniuliza kama mimi ni fundi umeme. Nikasema hapana. Tulipita Nangurukuru, tukapita Somanga, na waya sikuufungua.